Mashua ya Mkono, Jina la Stika

Mpwa wangu kashusha mashua mpya. Alhamdulillahi, riziki yake. Picha kaitupia kwenye grupu la familia, na nilipoifungua nilianza kwa kufurahi: omo, ile pua ya mbele, imesimama, mbao zimekaa, kalafati, pamba ya kuziba viungio, imepigwa hata mwanya huuoni. Fundi wa Nungwi kafanya kazi ya haki, miezi ya shoka, tezo na keekee. Halafu macho yakafika ubavuni. Stika.

Stika, ndugu zangu. Plastiki iliyokatwa na mashine, herufi za fedha zenye kivuli cha dhahabu, neno la Kiingereza la kushukuru baraka, lile lile lililobandikwa kwenye nusu ya bajaji za mjini. Watu wakamwaga moto na makofi. Mimi nikauliza swali moja tu: "Jina kaandika nani?" Kijana akajibu, "Stika hiyo mjomba, nusu saa tu kazi imekwisha. Siku hizi nani anasubiri mtu wa brashi?" Na dada yangu, mamake, akaongezea kwamba kaka yake keshazeeka, aachwe.

Basi niachwe, lakini niseme kwanza.

Mashua ya mbao ni kitu kinachofanyiwa kazi na mkono kutoka mkukuni, uti wa chini, mpaka foramali, mti wa tanga. Mataruma, zile mbavu za ndani, yanatafutwa kwenye mti uliopinda wenyewe, fundi anazunguka na shoka lake akitazama matawi mpaka apate pindo analolitaka. Ubao unapindwa, unapigiliwa, pamba inasokotwa na kusukumwa kwenye viungio. Hakuna pande mbili za mashua zinazolingana sawasawa. Muulize fundi yeyote atakucheka, atakwambia anapima kwa jicho. Sasa baada ya yote hayo, mahali pekee ambapo mwenye chombo angesema neno lake mwenyewe, unakwenda kununua neno lililokwisha kutengenezwa, kwa mwandiko uliokwisha kutengenezwa, ukabandike kama bei kwenye ndoo ya dukani.

Tuache uzuri kwanza, maana najua nitaambiwa uzuri ni wa mtu na macho yake. Tuzungumze kazi. Mbao za mashua hazitulii. Zinakunywa maji zikavimba, zinakauka ufukweni zikasinyaa, na kwenye mawimbi viungio vinacheza. Rangi ya mafuta iliyoingia kwenye mbao inakwenda nazo kwa kiasi chake. Stika inakaa juu ya viungio kama daraja, na daraja hilo linapasuka pale pale ubao unapokutana na ubao. Kisha maji ya chumvi yanaingia nyuma yake na hayatoki. Subirini misimu miwili, mje mniambie ile baraka imebaki herufi ngapi, na zile zilizobanduka zimekwenda kuogelea wapi.

Na hili ndilo kubwa. Mashua haitupwi, inatengenezwa. Ubao mmoja ukioza, fundi anautoa huo, anatia mwingine. Mwaka mwingine unatoka wa pili. Nimeona mashua ambayo ukimuuliza mwenyewe ni mbao ngapi za asili zilizobaki anaanza kuhesabu kwa vidole, anaacha. Jina la brashi linaishi maisha hayo hayo. Ubao mpya ukila SU ya SUBIRA, mwandishi anakuja kuandika SU peke yake, na kwa muda unaona herufi mbili nyeupe pepepe na nne zimefifia, na kila anayepita pwani anajua chombo hiki kimetoka matengenezoni. Stika haina matengenezo. Inang'olewa yote, inatupwa yote, unarudi dukani unaambiwa mwandiko ule hatuna tena, chukua huu wenye moto.

Kama hujapata kumwona mwandishi wa vyombo akifanya kazi, nenda uone kabla hawajamalizika. Yule niliyekuwa nikimtazama mimi alikuwa anakuja asubuhi, kabla upepo haujaanza kurusha mchanga. Anapiga msasa kwanza, anapangusa, anapitisha kiganja. Penye sifa, yale mafuta ya papa, hagusi, rangi haishiki. Anachukua uzi uliopakwa chaki, mtoto anashika huku, yeye huku, anauvuta na kuuachia, mstari unabaki ubaoni. Haanzi na herufi ya kwanza. Anahesabu herufi, anatafuta ya katikati, anaiweka hiyo kwa penseli, kisha anakwenda nayo pande zote mbili. Kila kichwa cha msumari anakiona: hataki mguu wa herufi ukae juu yake, kwa sababu kutu itakuja kulia katikati ya jina. Rangi anaizimua na tina kidogo, ncha ya brashi kaikata kwa wembe, mkono wa kuandikia unaegemea kijiti alichokishika kwa mkono wa pili. Omoni, pale ubavu unapojikunja, herufi anazilaza kidogo. Ukiwa karibu unaona kakosea. Rudi nyuma hatua kadhaa, zimesimama wima. Mashine ya stika inajua hilo? Inaijua omo ya nani?

Mtaniambia mwandishi mwenyewe anakosea. Anakosea, ndiyo. Kuna chombo kimoja kilikuwa kimeandikwa MOLA TUPE SUBILA, na hakuna aliyethubutu kumwambia mwenyewe kitu, maana ndivyo alivyokuwa akilitamka na ndivyo alivyotaka lisomeke. Mimi naichukua subila ile mara mia kuliko baraka ya dukani. Unasoma jina unamsikia mtu anazungumza. WEMA HAUOZI. SINA MAKUU. MJA HANA HIARI. Kuna la mke wa kwanza lililobaki hata baada ya mke wa pili kuja, nyumba ikawaka moto. Kuna la kumjibu jirani, ambalo jirani alilielewa siku hiyo hiyo akaenda kumwandikisha mwandishi yule yule ajibu upande wake. Wanawake wetu wanasemezana kwa kanga, wanaume wanasemezana kwa mbavu za vyombo, na kote huko maneno yanachaguliwa, mtu halali usiku anatafuta neno. Kijana wangu kalichagua lake kwenye simu ya muuza stika, kwa kuteleza kidole.

Sasa, kuna namba ya usajili. Nakubali namba. Sikubali kwa furaha, lakini nakubali. Aliyekuwa pwani ya kaskazini Unguja usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya abiria MV Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, na akaona wavuvi wakitoka na vyombo vyao kwenda kuokota watu, hawezi kusimama hapa akafanya mzaha na jambo la vyombo kujulikana ni vya nani, viko wapi na vimebeba nini. Namba isomeke, isomeke kwa mbali, na ikitaka stika ya kung'aa usiku ipewe. Hilo nimelimaliza.

Lakini namba ni ya serikali na jina ni la mwenye chombo, na haya mawili yasikanyagane. Tamaa ya wakubwa kutaka kutusoma ubavuni si ya jana. Mkataba wa Brussels wa 1890, ule wa mataifa makubwa dhidi ya biashara ya watumwa, uliagiza kwamba jina la chombo cha wenyeji na tani zake viandikwe tezini, nyuma ya chombo, kwa herufi za Kilatini, na kwenye tanga ichapwe kwa rangi nyeusi namba ya usajili na herufi za mwanzo za bandari yake. Biashara ile ilikuwa laana na ilistahili kufukuzwa baharini, sibishani. Ila angalia herufi zilizotakiwa: za Kilatini, kwenye pwani ambayo watu wake wenye kuandika walikuwa wakiandika kwa khati za Kiarabu. Jina lililoandikwa vile lilikuwa la kusomwa na ofisa wa manowari. Miaka zaidi ya 130 baadaye, msomaji wa mashua ya mpwa wangu ni nani? Jirani zake? Au mtalii anayepiga picha machweo?

Nimewahi kuona ofisa, wa ofisi nisiyoitaja, akiamuru namba ipigwe juu ya jina. Nafasi ilikuwa tele, tezi nzima tupu. Akasema pale ndipo panapoonekana vizuri. Ndiyo, panaonekana vizuri, ndiyo maana mzee wa watu kaweka jina lake pale! Brashi pana, rangi nyeusi ya kuvujavuja, nusu ya jina ikazikwa.

Halafu kuna kichekesho cha sanaa. Edward Saidi Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 1960, Dar es Salaam, na rangi za mafuta za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Leo michoro ya jina lake inauzwa kila duka la watalii kutoka Msasani mpaka Shangani, na tunaiita fahari ya taifa. Rangi ile ile ya kopo, brashi ile ile, ikipita kwenye ubavu wa mashua inaitwa ushamba.

Mgeni mmoja aliyekuja kuvua samaki wakubwa Mkondo wa Pemba alinifunza adabu katika hili bila kujua. Alikuwa na fimbo ya kuvulia aliyoitengeneza mwenyewe kwao, pete za kupitishia mshipi kazifunga kwa nyuzi mzunguko juu ya mzunguko. Juu kidogo ya mshiko, kabla ya pete ya kwanza, jina lake na mwaka kwa wino mweupe, herufi ndogo kama za kwenye saa. Nikadhani kaprinti. Akakasirika kweli! Akanieleza: kalamu ya kuchovya, mkono umeegemezwa, fimbo ipanguswe mafuta yote ya vidole, wino uachwe ukauke kabisa, ndipo upakwe epoksi juu yake, na fimbo izungushwe polepole na mota kwa saa nyingi ili epoksi isishuke upande mmoja kabla ya kuganda. Wino ukiwa haujakauka, epoksi inaukokota, kazi yote inafutwa unaanza upya. Nikamuuliza kwani kwao hakuna stika. Akasema zipo, zinauzwa, nzuri sana, na wengi wanazitumia. "Lakini hii nimeitengeneza mimi." Mtu ana fimbo ya kuchezea likizo na anaionea wivu kiasi hicho, sisi chombo kinacholisha nyumba tatu tunakibandika kama friji.

Boti za faiba siziingilii. Faiba imetoka kwenye kalibu, stika imetoka kwenye mashine, ndugu wamekutana, wapendane.

Bei? Ndiyo, mwandishi ni ghali kuliko stika, na anachelewa, na ukimlipa yote mbele humwoni mpaka bamvua ijayo. Nawajua. Wengine wao siku hizi wanapaka nyumba rangi kwa sababu kazi ya vyombo haiwaiti, na mwanafunzi hakuna, kijana gani atakaa ashike uzi wa chaki kwa mtu anayepata kazi kwa kubahatisha? Wenye mahoteli wanaokodi majahazi ya machweo na kuyasifia kwa wageni kwamba ni ya asili, nao wamebandika plastiki yenye nembo ya hoteli na namba ya simu. Asili hiyo ina namba ya simu.

Mimi maneno yangu nayapeleka kwa mafundi wa mashua wenyewe, siyo kwa kijana wangu, huyo keshanizima sauti kwenye grupu. Mafundi, mnapompigia mteja hesabu mnaandika mbao, misumari, pamba, sifa, chakula cha vibarua. Ongezeni mstari mmoja chini: mwandishi. Awe ndani ya bei ya chombo, kama usukani ulivyo ndani ya bei ya chombo, na mashua isiteremshwe majini kabla hajamaliza na rangi haijakauka. Mteja akisema yeye ana stika yake tayari, mwambieni hapana neno, kaa nayo, na bei ni ile ile.