Makato Yasiyo na Stakabadhi

Binti wa dada yangu, ambaye ni mwanamitindo, alisimama juani pale Mji Mkongwe tangu asubuhi hadi alasiri, akabadilishwa kanga na madera yasiyo na hesabu kwa ajili ya matangazo ya hoteli moja ya Nungwi, na baada ya miezi mitatu ya kuambiwa "njoo kesho", wakala wake akamkabidhi karatasi ya malipo iliyonichoma moyo. Kamisheni ilikatwa, na hilo sina neno nalo, kwani asilimia 20 ni desturi ya kazi hii hata New York. Lakini chini yake yalifuata makato ya nauli ya boti ya mpiga picha, vipodozi, picha za majaribio ambazo hakuziomba, na mstari mmoja ulioandikwa "mengineyo", bila stakabadhi hata moja.

Mwenendo wenyewe ndio huo: wakala hutanguliza gharama kama mkopo, kisha hujilipa kwanza, na mwanamitindo, ambaye mara nyingi ni msichana mdogo asiyefafanuliwa mkataba, hajui kwamba anadaiwa. Jimbo la New York limetunga sheria ya kuwalinda wanamitindo, iliyoanza kutumika Juni 2025, ambayo imeiwekea kamisheni kikomo. Sisi huku tunaambiwa mtoto ashukuru kwamba sura yake imeonekana. Ashukuru kitu gani, ilhali hoteli ilishalipa zamani? Tunachodai ni kuoneshwa stakabadhi hizo, moja baada ya nyingine, pamoja na maelezo ya hayo "mengineyo".