Tangu Lini Gugu Likapaliliwa?

Hivi karibuni nilihudhuria mkutano ambamo mgeni rasmi, msomi mwenye suti iliyomkaa vizuri, alitutangazia kwa sauti nzito kwamba wakati umefika wa "kuipalilia rushwa katika kila idara". Makofi yakapigwa. Nilibaki nikijiuliza kama ni mimi peke yangu niliyesikia tukiagizwa tuitunze rushwa, tuiondolee vinavyoisonga na kuirundikia udongo shinani ili isije ikaangushwa na upepo.

Kinachopaliliwa ni mmea, si gugu. Mkulima hupalilia mahindi, maharage au mihogo. Magugu huyang'oa, huyakatua kwa jembe au huyafukia. Neno hili halina budi kusomwa pamoja na ndugu yake, kupalia, ambalo bado tunalo katika kujipalia makaa: ni kukusanya kitu na kukisogeza kilipo kingine. Mwenye jembe hufanya hivyo hivyo. Mahindi yanapotimiza wiki mbili au tatu tangu kuota, hukwangua magugu yangali machanga, kabla hayajaanza kugombea maji na rutuba, na katika palizi ya pili huinulia udongo kwenye mashina ili yasimame imara. Kwa hiyo kuondoa magugu ni nusu tu ya kazi, na nusu nyingine ni kukipendelea kile kinachobaki. Ndiyo maana tunaweza kupalilia vipaji na vilevile kupalilia chuki, kwani vyote viwili hustawi vikihudumiwa.

Somo hili nililipata mapema, siku nilipopewa jembe nikafyeka mistari miwili ya mahindi machanga na kuyaacha magugu yakipunga upepo. Bibi aliitazama kazi yangu kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole ulionichoma kuliko fimbo: "Mjukuu wangu, leo umeyapalilia magugu?"

Nakiri, ingawa kwa shingo upande, kwamba wapo wakulima hodari wasemao "tunapalilia majani", na sina ubavu wa kuwafundisha lugha ya shambani watu wanaonilisha. Lakini shambani jembe linaonekana limeelekea wapi, na hata neno likiteleza, mahindi hayadhuriki. Jukwaani hakuna jembe. Kuna neno tu, na neno lililogeuzwa kichwa chini humwagiza msikilizaji kinyume cha alichokusudia msemaji. Kung'oa kupo, kutokomeza kupo, na kufyeka kungempatia hata kishindo alichokuwa akikitafuta. Huenda dawa za kuua magugu zimetuondolea palizi pamoja na maana yake, ila huo ni mjadala wa siku nyingine.

Mgeni rasmi alipomaliza, ukumbi mzima ulisimama kumshangilia. Nami nilisimama. Kwa rushwa niliyoiona ikistawi pande zote, nilihisi kwamba agizo lake lilikwisha kutekelezwa zamani, tena na wapalilizi wasiojua kuchoka.