Msanii naye anatoa cha mfukoni mwake
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai kwamba minada ya sanaa ya kuwachangia watoto waliokumbwa na maafa haimgharimu msanii chochote, eti anajitangaza tu. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Nimewahi kusaidia kufungasha picha za mnada wa aina hii, na moja rangi yake ya pembeni ilikuwa bado inanata kidoleni. Aliyeichora aliweka kando kazi ya kulipwa ili aiwahishe. Kule Marekani, msanii akitoa kazi ya mkono wake, sheria ya kodi inamruhusu kupunguza kwenye mapato yanayotozwa kodi gharama ya vifaa tu, rangi na kitambaa, si bei ya sokoni. Na fedha zinapatikana kweli: mnada wa Artists for Haiti, uliofanyika New York Septemba 2011, ulikusanya dola milioni 13.7. Tetemeko la ardhi la Haiti lilikuwa la Januari 2010, kwa hiyo kamera za habari zilishaondoka zamani, na watoto bado walihitaji madarasa. Linaloniumiza mimi ni jingine: nani kati yenu amewahi kuona hesabu za mnada kama huu zikiwekwa wazi, mpaka dawati la mwisho?