Siku dole gumba langu lilipokwama kwenye mpira wa pampu

Aisee hii stori nilishaapa siisimulii, ila shemeji yangu keshaisambaza ukoo mzima kwa hiyo bora muisikie kwangu kabla haijaongezwa chumvi zaidi.

Nina kibwawa nyuma ya nyumba, samaki saba, na pembeni nimepanga mawe kufika usawa wa kiuno ili maji yapande yakateremke kama maporomoko. Pampu nilinunua ya maana, boksi limeandikwa lita 3000 kwa saa. Mpira sikununua, kwa sababu stoo kulikuwa na ule wa kumwagilia maua, nusu inchi, ule unaoonyesha mpaka ndani, nikajisemea maji ni maji bana. Pampu ilikuja na kile kimdomo cha plastiki cha ngazi ngazi, chini kinene juu chembamba, nikauchomeka kwenye ngazi ya juu kabisa, nikawasha, nikasimama mikono kiunoni nisubiri maporomoko.

Yakatoka maji kama mbuzi anakojoa.

Mke wangu akaangalia, akaangalia tena, akaniuliza "ndo yameanza au bado?" Nikamwambia yanajikusanya kwanza. Baadaye alipoondoka nikaweka ndoo ya lita 10, ikajaa kwa dakika nzima na ushee, wakati kwa hesabu ya boksi ingetakiwa sekunde 12. Nikailaani pampu, nikasema nimepigwa. Sikujua kwamba ile namba ya kwenye boksi ni ya maji ambayo hayajapandishwa popote, ukianza kuyapandisha yanapungua, na ukiyapitisha kwenye kijimpira chembamba kirefu ndo unayanyonga kabisa. Wiki mbili baadaye ule mpira ukawa kijani kwa ndani, mwani umejaa, si nimeufungulia dirisha la jua mwenyewe, na ule mbuzi sasa akawa na matatizo ya kibofu.

Basi nikakubali, tatizo mpira. Nikachomoa plagi, nikatoa pampu, kile kimdomo nikakifungua nikakitupa kule naona takataka, halafu nikataka kupima mdomo wa pampu. Rula sina, tepu sijui ilipo, nikachomeka dole gumba. Likaingia sawasawaaa, halibani halichezi. Nikaona kwisha, saizi ninayo mkononi, natembea nayo bure. Mke wangu yuko mlangoni ananiambia "si uende na pampu yenyewe?" Mimi niibebe pampu inayochuruzika maji kama mtu asiyejua kitu? Nikaondoka na dole langu.

Dukani palijaa. Nilipofika kaunta nikasema kwa sauti ya mwanaume anayejua anachotaka, "naomba mpira, wa saizi ya dole gumba langu." Duka zima kimya. Yule muuzaji kijana wa watu akajitahidi sana, akaniuliza taratibu, "mpira... wa maji, bosi?" Wa maji bana! Wa maji! Mama mmoja nyuma yangu alishageukia ukutani mabega yanamtikisika.

Akanionyesha roli zimepangana, hii inchi moja, hii inchi na robo, hii robo tatu, akaanza kunieleza mpira unapimwa tundu la ndani na siyo unene wa nje, nikamkatisha, nikamwambia niachie mwenyewe. Nikawa natia dole kwenye kila tundu. Inchi moja, linaogelea. Robo tatu, likasimama mlangoni. Nikasema hili ndo lenyewe, linataka kusukumwa kidogo tu, nikasukuma, likaingia mpaka kwenye fundo, nikafurahi, nikavuta.

Halitoki.

Nikavuta na kutabasamu, nikavuta bila kutabasamu. Unavyovuta ndo linavimba, likawa jekundu halafu likaanza rangi ya zambarau, na mwisho wa pili wa ule mpira upo kwenye roli la mita 50 kwa hiyo hata kutoka nje nikajifiche siwezi. Yakaletwa maji ya sabuni. Mtu ambaye sijui hata katokea wapi akashika roli, mwingine akanishika kiuno, kila mtu anatoa amri. Mwishowe kijana akachukua kisu cha kukatia mipira, akakata kipande kama cha sentimita 20, halafu kile kipande akakipasua kwa urefu taratibu huku mimi nimeangalia darini. Dole likatoka limekunjamana kama tende. Ikabidi ninunue mita 6 za ule ule mpira kwa aibu, ningesemaje haunifai?

Nyumbani haukuvaa. Bila shaka haukuvaa! Dole niliingiza NDANI ya mdomo wa pampu, mpira unavaa kwa NJE. Shemeji akasema mpira mgumu dawa yake maji ya moto, chovya ncha ilainike. Kweli, ni ujanja mzuri kama saizi ni yenyewe. Tulichovya, tukasukuma, ukang'ata kidogo pembeni, nikaiweka pampu kwenye ndoo, nikainama niangalie umekaaje, nikamwambia shemeji "usiwashe bado." Yeye anasema alisikia "washa." Mpira uliruka huko, yale maji yote ambayo kwa wiki mbili yalikataa kupanda kiunoni yakanipata ndani ya pua.

Kesho yake nikarudi dukani na pampu kwenye mfuko, inachuruzika njia nzima. Kijana hakucheka, nampa heshima yake, akaniuliza tu "kile kimdomo chake kiko wapi?" Nikapiga simu nyumbani, watoto wameshakifanya faneli ya mchanga. Kikaletwa. Akachukua msumeno akakata zile ngazi nyembamba zote za juu, akasema ukiziacha maji yanabanwa pale pale hata kama mpira mnene, akanipa mpira mweusi wa inchi na robo, ule wa mikunjo mikunjo usiojifunga ukiukunja, na klipu mbili za chuma cha pua. Bisibisi, dakika tano, kwisha. Ndoo ya lita 10 sasa hivi inajaa kwa sekunde ishirini na kidogo, na samaki wote saba wamehamia upande ule maji yanapoangukia.

Juzi nimepita pale dukani kuchukua klipu nyingine. Pembeni ya kaunta, kwenye msumari, kinaning'inia kile kipande changu kilichopasuliwa, kimeandikwa kwa maka peni: DOLE, ROBO TATU.