Kazi zinahama Ujerumani pia, ila huku mfanyakazi anaitwa mezani

Jamaa zangu wa Nakuru huniuliza kama ni kweli viwanda vya Ujerumani navyo vinapunguza watu. Ni kweli. Desemba 2024 Volkswagen ilikubaliana na chama cha wafanyakazi, IG Metall, kwamba ajira zaidi ya 35,000 ziondoke humu nchini ifikapo 2030, na kazi ya kuunda gari la Golf ihamie Mexico. Lakini kabla ya sahihi kulikuwa na migomo, kisha mazungumzo ya saa kama 70, na ikaandikwa kwamba watu wataondoka kwa kustaafu mapema au kwa hiari, wakiwa wamelipwa.

Hilo si hisani ya matajiri. Tangu 1976 sheria inazitaka kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 ziwape nusu ya viti kwenye bodi ya usimamizi.

Kwetu Kenya je? Mwaka 2014 Eveready ilifunga kiwanda cha betri Nakuru ikaanza kuagiza betri kutoka Misri. Mwaka huohuo Cadbury ikafunga cha Nairobi, na 2016 Sameer ikaacha kutengeneza tairi za Yana. Sheria ya Ajira ya 2007 inadai notisi ya mwezi mmoja na malipo ya siku 15 kwa kila mwaka wa utumishi. Na hapo nazungumzia aliyeajiriwa. Kibarua wa mkataba wa miezi mitatu mitatu anaambulia patupu.

Sitaki mtu adhani huku ni peponi, maana wahamiaji wengi tunaingia viwandani kupitia wakala wa ajira. Nilipokuwa wa wakala kwenye kiwanda cha vipuri, oda zilipungua, na baraza la wafanyakazi likaanza kuvutana na wakubwa juu ya fidia. Sisi hatukuwamo. Asubuhi moja mwenzangu wa zamu alipitisha kadi getini, taa ikawaka nyekundu, akapitisha tena. Mlinzi akamwambia apigie ofisi ya wakala. Sandwichi zake za mapumziko alikuwa nazo mkononi. Huyo na kibarua wa Nakuru ni kitu kimoja, na inaniuma sana.

Kwa hiyo Bunge letu likitaka kuiga Ujerumani, lianzie kwa vibarua. Kampuni ilazimishwe kukaa na wafanyakazi wote kabla haijaamua kuhama, na notisi ya mwezi mmoja iwe miezi sita, ili mama mwenye watoto watatu shuleni ajue mapema kama ataweza karo ya muhula ujao au atafute nyumba ya kodi nafuu.