Nimerudi Kazini na Robo ya Tumbo

Kwa miaka mingi nilikuwa na mwajiri mmoja, naye alinitosha kwa kero. Tangu Jumatatu iliyopita ninao wawili: yule wa zamani, anayenilipa mshahara kila mwisho wa mwezi, na tumbo langu jipya, ambalo halinilipi kitu lakini linadai nihudhurie mbele yake kila baada ya dakika chache, chupa mkononi na macho kwenye saa. Wala sikusukumwa na mtu. Nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe hadi mezani kwa daktari wa upasuaji, nikatia saini fomu ambayo sikuisoma mpaka mwisho, nikiamini kwamba mtu akipunguziwa tumbo hupunguziwa pia shughuli za tumbo.

Kumbe hesabu haiendi hivyo. Daktari alinieleza kwamba upasuaji wa aina yangu, wa kupunguza uzito, huondoa takribani asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, na kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Kazi yote ilifanywa kupitia matundu matano madogo, ambayo sasa yamekauka na kubaki kama vifungo vya shati lililofungwa gizani. Kabla ya hapo tumbo lilijazwa gesi ili wapasuaji waone wanakopita, na ile iliyosalia ndani ikasumbua mishipa ya fahamu iliyo karibu na kiwambo cha kifua, maumivu yakajitokeza begani. Kwa hiyo kwa siku tatu nzima mimi, mgonjwa wa tumbo, nililalamikia bega, na kila aliyekuja kunijulia hali alitoka wodini akiamini kwamba nimeanguka kitandani.

Kosa langu kubwa, hata hivyo, halikuwa la kitabibu. Kwa kuwa sikutaka tumbo langu lijadiliwe wakati wa mapumziko ya chai, niliaga kwa kusema kwamba nakwenda kufanyiwa upasuaji mdogo, na kila aliyeuliza mdogo wa nini nilimpa jibu lililotangulia kufika ulimini. Mhasibu nilimwambia ni ngiri. Dada wa mapokezi nilimwambia ni kidole tumbo. Mkuu wa idara, aliyenipigia simu wakati bado naelea kwenye dawa ya usingizi, inaelekea nilimwambia ni nyongo. Nilisahau kwamba watu hao watatu hunywa chai meza moja. Niliporudi baada ya wiki tatu walikuwa wameshajumlisha, na kwa jumla yao nilikuwa nimetolewa ngiri, kidole tumbo na nyongo kwa mkupuo mmoja, jambo lililowafanya wanipokee kwa heshima ambayo kwa kawaida hupewa marehemu.

“Pole sana, kaka,” dada wa mapokezi aliniambia, akinitazama kuanzia mabegani hadi kwenye viatu. “Kwani humo ndani wamekubakishia nini?”

Nilitamani kumjibu kwamba wamenibakishia ndizi, nikajizuia. Isitoshe, akili yangu yote ilikuwa kwenye suruali. Nilikuwa nimepungua kilo 11, na nguo zangu hazikuwa zimepewa taarifa hiyo. Asubuhi ile niliutoboa mkanda kwa msumari mahali ambapo mtengenezaji hakukusudia, na ncha yake ikazunguka hadi mgongoni, ikaning’inia huko kama mkia. Mkuu alipotoka ofisini kwake kunilaki kwa mikono yote miwili, mimi nilimpa mmoja tu. Wa pili ulikuwa umeshika suruali. Nadhani alijisikia vibaya, lakini angejisikia vibaya zaidi kama ningempa yote.

Cheti cha daktari kiliagiza kwamba nisinyanyue kitu kinachozidi kilo 5 mpaka wiki sita ziishe. Agizo hilo ni jepesi likisomwa hospitalini, ila ofisini hakuna kitu kilichoandikwa uzito wake, kwa hiyo ilinibidi nipige hesabu mwenyewe: rimu moja ya karatasi za kawaida za A4 ina uzito wa karibu kilo mbili na nusu, hivyo rimu mbili ni halali, ya tatu ni haramu, na boksi zima la rimu tano ni kurudi chumba cha upasuaji. Nilimfafanulia kijana wa stoo hesabu hiyo. Alinisikiliza kwa makini mpaka mwisho, kisha akataka kujua kama aliyekataza ni ngiri au ni nyongo.

Hayo yote ni mapambo. Kazi yenyewe ni kula.

Mtu mwenye tumbo kamili hajui kwamba kula na kunywa ni mambo mawili tofauti. Mimi nimekatazwa kuyachanganya: nikishakula sharti nisubiri dakika 30 kabla sijagusa maji, na maji hayo, ambayo yanapaswa kufika lita moja na nusu kabla sijalala, hayagugumiwi, yanaonjwa funda dogo baada ya jingine, kama anavyoonja mtu anayeshuku kuwa amewekewa sumu. Protini inatakiwa isipungue gramu 60 kwa siku, na kwa kuwa mlo wangu mzima unaenea ndani ya kikombe na nafasi ikabaki, sehemu kubwa naipata kwenye unga ninaoukoroga katika chupa yenye kidude cha waya kinachogongagonga kila ninapoitikisa. Halafu kuna vidonge, ambavyo nimeahidiwa kuwa navyo maisha yangu yote. Vya kalsiamu havitaki kukutana na vya madini ya chuma, kama ndugu waliogombea urithi, kwa hiyo naviachanisha kwa saa mbili. Ukiyapanga hayo yote katika siku moja ya kazi utaona ni kwa nini simu yangu hulia tangu asubuhi hadi jioni bila kuwapo hata mteja mmoja anayenitafuta.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nayafanya haya bila njaa. Ile homoni ya ghrelini, inayochochea hamu ya kula, kwa sehemu kubwa hutengenezwa katika upande ule ule wa mfuko uliokatwa ukatolewa, na sasa ndani kumetulia kama ofisi ya Ijumaa jioni. Zamani sikuhitaji saa kujua kwamba mchana umefika. Njaa ilinikumbusha tangu saa nne, ikarudia saa tano, na saa sita ikanishika mkono ikanitoa mlangoni. Leo naketi mbele ya yai moja lililopondwa kama mtu aliyewekewa ripoti ya kurasa 200. Nalitazama, najishauri, najilaumu kwa kuchelewa, ndipo naanza.

Siku ya Jumatano niliharakisha, kwa sababu mapumziko ya chakula ni ya wafanyakazi wote na hayamsubiri mwenye ndizi. Nilikuwa nimebakiza vijiko viwili. Cha kwanza kilipita salama. Cha pili kilipotua, pua ilianza kutiririka, kisha ikaja kwikwi moja, kubwa, yenye mwangwi. Sasa najua kwamba hiyo ndiyo lugha yake: tumbo langu la zamani likishiba lilinituma nikalale, hili jipya linafungulia pua. Kijiko kikabaki hewani, kifua kimenibana kana kwamba nimemeza kizibo, nami siwezi kumeza wala kutema, huku mhasibu aliyeketi mbele yangu akinieleza kwa urefu kwa nini hawezi kupokea marejesho ya masurufu yangu ya safari ya mwezi uliotangulia, yaliyopungukiwa stakabadhi mbili. Aliinua macho akayaona machozi yangu, akanyamaza.

“Usilie, ndugu yangu,” alisema kwa sauti ya chini. “Nitakupitishia.”

Akapitisha kweli siku ile ile, na sikuona sababu ya kumsahihisha. Ndilo pato pekee la fedha ambalo upasuaji huu umewahi kuniletea.

Daktari aliniagiza pia nisikae muda mrefu bila kutembea, kwa sababu damu ya mtu aliyetoka kupasuliwa inaweza kuganda miguuni. Nikawa kila saa nainuka na kukata korido kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkuu aliponiona nikipita mbele ya mlango wake mara ya nne, mikono mitupu, aliniita na kuniuliza kwa upole kama siku hizi ninayo kazi ya kutosha. Niliporudi mezani nilichukua faili moja jepesi, lisilo na karatasi hata moja ndani, na tangu hapo natembea nalo. Hakuna aliyeniuliza tena chochote. Jana mkuu alinisogezea kiti nisije nikajichosha.

Siri ilifichuka Alhamisi, na aliyeifichua ni kile kidude cha waya. Dada wa mapokezi aliwahi kukisikia kwa shemeji yake, aliyefanyiwa upasuaji kama wangu, na alipokisikia kikigonga kwenye chupa yangu aliziondoa ngiri, kidole tumbo na nyongo kwenye orodha kwa pumzi moja. Kufikia mchana kila mtu alikuwa bingwa wa tumbo langu. Mmoja aliyahesabu matonge yangu kwa sauti. Mwingine, ambaye hupanda ghorofa moja kwa lifti, alitamka kwamba mimi nimechagua njia ya mkato. Kwamba kuna mkato sibishi. Ninayo mitano kwa ushahidi. Hiyo njia ndiyo siioni. Na kwa bahati mbaya mizani imegoma wiki hii, namba ni ile ile kwa siku sita, hali inayowapata wengi wetu karibu na wiki ya tatu bila kuwa na maana yoyote mbaya, lakini mapokezi tayari wananong’onezana kama nimerudishiwa. Lipo na jambo la nywele, ambazo nimeonywa kwamba zinaweza kupukutika kuanzia mwezi wa tatu hivi kabla ya kuota tena. Hilo sijalitangaza. Naliweka kwa robo ijayo ya mwaka.

Ijumaa palikuwa na kikao cha idara. Mkuu alizungumza kwa muda mrefu juu ya nidhamu ya muda, na hatimaye akafika alikokuwa akielekea tangu mwanzo, yaani kupunguza mapumziko ya chai kutoka dakika 15 hadi 10. Kisha akauliza kama kuna mjumbe mwenye pingamizi. Sote tuliinamia madaftari yetu. Katika ukimya ule, funda la maji nililomeza muda mfupi uliopita lilianza safari ndani ya mrija, na tumbo likatoa mlio mrefu, wa kupanda na kushuka, ulioanza kama mlango mbovu na kumalizika kama swali.

Mkuu alivua miwani.

“Tumekusikia,” alisema, baada ya kufikiri kidogo. “Labda kweli tumelifanyia haraka.”

Muhtasari ulisambazwa jioni ile ile, nao unasema kwamba mjumbe mmoja alieleza kutoridhika kwake, na pendekezo likarudishwa likafikiriwe upya. Nilitaka kuandika marekebisho, lakini simu ililia, ilikuwa zamu ya kalsiamu. Nilipokuwa nakitafuta kidonge, dada wa mapokezi alikuja akasimama kando ya meza yangu, akanisogezea chupa ya maji, na kuniuliza kama kikao kijacho ningeweza kunywa funda moja hivi kabla hawajafikia ajenda ya kufanya kazi Jumamosi.