Hiyo "Jicho la Mungu" mnayotumiana iko juu ya Lamu, ipigeni wenyewe

Kila baada ya muda ile picha inarudi kwenye magrupu ya WhatsApp ya familia, duara la buluu lenye ukingo mwekundu, na maneno chini yake ati ni Jicho la Mungu, ati hutokea mara moja tu kila miaka 3,000, watumie wenzako upate baraka. Naomba tuache kuituma hivyo. Picha yenyewe ni ya kweli na ni nzuri mno, NASA waliitoa 2003 kwa kuunganisha darubini ya Hubble na darubini iliyoko Kitt Peak kule Arizona, na kitu chenyewe kinaitwa Helix, kiko kwenye kundi la nyota la Ndoo, wazee wengine wanaita Dalu. Uongo ni hayo maneno. Helix haitokei wala haipotei, msimu wake ukifika inapita juu ya mapaa yetu kila usiku, kuanzia Shela mpaka Faza, na mtu mwenye kamera ya kawaida anaweza kuipiga.

Kuna jambo linaniuma zaidi hapo. Sisi tunafundishwa tangu chuoni kwamba Mwenyezi Mungu hafanani na chochote alichokiumba, sasa tunakuja kumpa jicho kwa forwadi? Helix ni nyota iliyozeeka. Ilikuwa nyota ya aina moja na jua letu, ikamaliza haidrojeni kwenye kiini, ikavimba, ikapuliza matabaka yake ya nje, na kilichobaki katikati ni kiini kidogo chenye joto la zaidi ya nyuzi 100,000 kinachoimulika ile gesi mpaka inawaka. Mawingu ya gesi ya namna hii huitwa nebula za sayari, ingawa hayahusiani na sayari, na yote ni hivyo, na yote ni ya muda, baada ya makumi ya maelfu ya miaka gesi inatawanyika na hakuna tena cha kuona. Jua letu nalo litafika huko baada ya kama miaka bilioni 5. Mimi nikiyajua hayo ndio nasema subhanallah kwa moyo wote, sihitaji mtu aniongezee chumvi.

Haya, namna ya kuipiga. Helix iko umbali wa kama miaka ya nuru 650, na kwa upana wake angani inazidi nusu ya mwezi mpevu, kwa hiyo lenzi ya milimita 200 inatosha kabisa, shida ni kwamba mwanga wake ni hafifu na umetapakaa. Bila traka, yaani kile kitako chenye mota kinachoizungusha kamera ifuate nyota, huendi popote, dunia inazunguka na kwa lenzi hiyo sekunde 1 au 2 tu nyota zishaanza kuchirizika. Na traka huku kwetu ina mtihani wake ambao video za Wazungu hazikwambii: wao wanaulenga mhimili wake kwenye Nyota ya Kaskazini basi, sisi Lamu tuko nyuzi 2 na ushei kusini mwa ikweta, hiyo nyota iko chini ya upeo, huioni maisha, na ncha ya kusini ya anga iko juu ya bahari kidogo tu, ndani ya ukungu wa chumvi, na haina nyota ya maana ya kulengea. Kwa hiyo unalaza mhimili wa traka karibu ulale kabisa (vitako vingine havishuki hadi hapo, fupisha mguu mmoja wa tripodi), unaelekeza kusini kwa dira, halafu unapiga nyota iliyo karibu na utosi kwa dakika kadhaa. Ikichirizika kwenda kaskazini au kusini ujue mhimili umepinda kushoto au kulia, unausogeza kidogo, unarudia mpaka nyota itulie. Inachosha, ila ukishaizoea unaifanya huku unaongea na watu.

Usiku wa kupiga tunaujua bila app, ni zile siku za mwisho za mwezi wa Kiislamu na zile za kwanza mwezi mwandamo unapotua mapema. Mimi napenda Oktoba, upepo wa kusi umeshalegea hautikisi tripodi, na Helix iko juu saa tatu saa nne usiku. Adui ni umande, unakuja kimya kimya lenzi inageuka nyeupe, funga mkanda wa joto wa USB kwenye lenzi uchomeke kwenye pawabanki, na kamera ikae ndani ya boksi lenye vile vijipakiti vya silika la sivyo kuvu itakula vioo. Eksposha sekunde 60, ISO 1600, fremu nyingi kadiri unavyoweza, manake ukiongeza muda wote wa kupiga mara 4 chenga (zile doadoa za picha ya gizani) zinapungua kwa nusu, hakuna njia ya mkato. Alfajiri unafunika lenzi kwa kitambaa safi cha kanzu unapiga anga tupu, hizo picha ndizo programu itazitumia kufuta vumbi na giza la pembeni.

Fremu moja ukiitazama huoni kitu, labda kivuli kama moshi wa ubani uliosahaulika chumbani. Ukizistaki, yaani ukizilaza zote juu ya nyingine ziwe picha moja, kwenye programu ya Siril, ambayo ni ya bure, ukavuta mwanga taratibu, duara linajitokeza katikati ya nyota. Kamera ambayo haijaondolewa filta yake ya ndani inakula sehemu kubwa ya wekundu wa haidrojeni, kwa hiyo yako itaegemea kibichi-buluu, na hiyo ni oksijeni, mstari wa mwanga wake ukiugawa kwa rangi uko kwenye nanomita 500.7. Mwanaastronomia William Huggins aliuona huo mstari 1864 kwenye nebula nyingine asijue ni wa nini, watu wakadhani ni elementi mpya, mpaka 1927 mwanafizikia Ira Bowen akaeleza kwamba ni oksijeni iliyopoteza elektroni mbili. Usiipake yako wekundu ili ifanane na ya NASA. Na usiipe app ya AI iitengeneze, itakuchorea nyota ambazo hazipo.

Shangazi yangu alipotuma tena ile forwadi nilimjibu kwa adabu, nikamwekea yangu chini yake, shangazi hii nimeipiga juu darini. Akauliza, hapa hapa? Tangu hapo anataka kujua lini nitapiga nyingine.

Nyingine ni NGC 3132, nebula ya sayari ya anga la kusini ambayo darubini ya James Webb iliipiga 2022. Mtu wa London haioni abadan, kwake haichomozi, sisi Februari iko juu usiku kucha. Ila ni ndogo mno kwa lenzi ya 200, inataka darubini yenyewe, kwa hiyo kama kuna mtu Malindi ana darubini imekaa ndani na hana traka, mimi traka ninayo, anitafute tupange kabla kaskazi haijaisha.